Mark Twain na Kitabu Kilichonitoa Tongotongo

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kabla sijaanza, namshukuru mlezi wa chama chetu kwa kunipa kurasa hizi. Mwaka jana nilileta shairi, likarudishwa kwa kuwa vina vilikuwa vimepotelea njiani. Mwaka huu nimeona heri nije na maisha ya mtu, maana maisha hayadai vina.

Mtu mwenyewe ni Mark Twain, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1910. Lakini kisa changu hakianzii Marekani. Kinaanzia kwenye kabati la vitabu lililo karibu na afisi ya walimu, lile lenye mlango usiofungika vizuri. Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia kila mmoja achukue riwaya moja akaisome likizoni. Wenzangu walikimbilia vitabu vyembamba. Mimi nilikuwa zamu ya kufuta ubao, na nilipofika nikakuta kimebaki kitabu kinene chenye picha ya mvulana na mtu mzima juu ya chelezo, yaani magogo yaliyofungwa pamoja yakaelea mtoni. Kiliitwa Adventures of Huckleberry Finn. Nikakichukua shingo upande.

Usiku huo stima ilikatika kama kawaida yake. Nikawasha koroboi nikaanza kusoma. Kiingereza chenyewe kilikuwa kigumu, si kile cha darasani, maana watu wa kitabuni huongea kama walivyoongea kwao. Hilo ningelivumilia. Lililonishangaza ni kwamba aliyekisoma kabla yangu alikuwa amechukua kalamu ya wino akalifuta neno moja kila lilipotokea. Kurasa zilijaa madoa meusi. Kufika katikati ya kitabu naye akachoka akaacha, na hapo ndipo nilipoliona neno lenyewe. Ni lile neno la Kiingereza la kumtukana mtu mweusi. Kumbe limo kitabuni zaidi ya mara mia mbili! Mvulana anayesimulia hulitamka bila hata kukohoa, kama mtu anayetaja ng'ombe au jembe.

Kusema kweli nilikasirika. Nikajiuliza, mimi Mwafrika ninakaa gizani nikiharibu macho yangu ili nitukanwe? Shule zilipofunguliwa nikamrudishia mwalimu kitabu nikiwa nimesoma nusu tu. Nilitarajia kukaripiwa. Hakunikaripia. Alisema nina haki ya kukasirika, ila kwanza nitafute aliyekiandika alikuwa nani, amezaliwa wapi na amelelewa vipi, kisha nikimaliza nimwambie kama bado nataka kukirudisha. Niliona ni adhabu tu iliyovishwa nguo nzuri. Lakini nilipoanza kutafuta sikuacha tena, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lake halisi lilikuwa Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa tarehe 30 Novemba mwaka wa 1835 katika kijiji kiitwacho Florida, jimbo la Missouri. Alipokuwa na umri wa miaka minne, jamaa yake walihamia mji mdogo wa Hannibal, kando ya mto Mississippi. Missouri lilikuwa jimbo la watumwa. Mtu mweusi alinunuliwa, akauzwa, akakodishwa na kurithiwa, na sheria ilisimama upande wa mnunuzi. Babake Sam, mzee John Marshall Clemens, naye alikuwa amewahi kumiliki watumwa. Isitoshe, mwaka wa 1841 mzee huyo alikuwa miongoni mwa wazee wa baraza mahakamani waliowapata na hatia watu watatu waliojaribu kuwasaidia watumwa kutoroka. Watu hao walifungwa miaka kumi na miwili gerezani. Hebu fikiria! Waliohukumiwa ni wale waliotaka kuwafungua watu, na waliowafunga walirudi nyumbani wakala chakula cha jioni na watoto wao.

Sam hakufundishwa kwamba utumwa ni dhambi. Kanisani alisikia kwamba Mungu mwenyewe ameukubali. Wakati wa kiangazi alipelekwa shambani kwa mjomba wake, John Quarles, aliyekuwa na watumwa. Huko kulikuwa na mzee mmoja mweusi aliyeitwa Daniel. Usiku watoto, weupe kwa weusi, walimzunguka jikoni kwake awasimulie hadithi za mizimwi. Sam alimpenda mzee huyo maisha yake yote. Walakini hata mtoto alijua kwamba kuna mstari kati yao usiovukwa. Walicheza pamoja mchana kutwa, na bado mmoja alikuwa mtu na mwingine alikuwa mali.

Kuna kisa kimoja cha utotoni mwake ambacho sitakisahau. Nyumbani kwao waliwahi kukodi mvulana mtumwa aitwaye Sandy, aliyeletwa kutoka jimbo la mbali la Maryland. Sandy alikuwa akiimba, akipiga mbinja, akicheka na kupiga kelele kutwa nzima. Siku moja Sam alishindwa kuvumilia, akaenda kwa mamake kumshtaki. Mama machozi yakamlengalenga. Akamweleza kwamba mtoto yule ametenganishwa na mamake na hatamwona tena duniani. Akiimba, yeye hupata faraja kidogo kwa sababu anajua hamkumbuki. Akinyamaza, huogopa kwamba anamkumbuka. Tangu siku hiyo kelele za Sandy hazikumsumbua Sam tena. Ajabu ni kwamba mama yule yule mwenye machozi hakuona ubaya wowote katika utumwa wenyewe. Nadhani hapo ndipo penye fumbo la maisha yote ya mtu huyu. Watu wa kwao hawakuwa mashetani. Walikuwa watu wenye huruma waliozoea jambo ovu.

Akiwa na miaka kama kumi alimwona mzungu akimrushia mtumwa jiwe la chuma kichwani kwa kosa dogo la uzembe. Saa moja baadaye mtumwa yule alikuwa maiti. Wenyeji walisikitika, lakini zaidi walimsikitikia mwenye mali aliyepata hasara.

Mwaka wa 1847 mambo mawili yalitokea. La kwanza, babake alifariki, na umaskini ukabisha hodi. La pili, mtumwa mmoja aliyetoroka alijificha katika kisiwa kilicho karibu na Hannibal. Kijana fukara wa pale mjini, Bence Blankenship, alimgundua. Kulikuwa na zawadi ya pesa kwa atakayemtaja, na Bence hakuwa na pesa hata ya kununua viatu. Lakini badala ya kumtaja, alimpelekea chakula kisiri kwa muda. Mdogo wake Bence, aliyeitwa Tom Blankenship, ndiye baadaye aliyegeuzwa na mwandishi wetu kuwa Huckleberry Finn. Kwa hiyo moyo wa riwaya ile haukutungwa tu. Ulitoka kwa maskini wawili wa mtaani ambao akina mama wa mji waliwakataza watoto wao kucheza nao.

Baada ya kifo cha baba, Sam aliacha shule akawa mwanagenzi katika kiwanda cha chapa, akipanga herufi za risasi moja moja. Baadaye alimfanyia kazi kaka yake Orion aliyekuwa na gazeti. Mwaka wa 1853, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, alifunga virago akaenda New York. Hapa, ndugu msomaji, sitamficha. Barua aliyomwandikia mamake mwaka huo ilikuwa na maneno ya kuwakejeli watu weusi walio huru aliowaona huko mashariki. Alikuwa karibu rika langu alipoyaandika. Nilipofika hapo nilitaka kufunga daftari langu na kwenda kumwambia mwalimu kwamba nilikuwa nimesema kweli. Kitu fulani kikanizuia. Nitakisema mwishoni.

Mwaka wa 1857 alianza kujifunza urubani wa meli za moshi katika mto Mississippi. Mwalimu wake alikuwa rubani mashuhuri, Horace Bixby. Kazi hiyo si mchezo. Ilimbidi ajue kwa kichwa kila kona, kila fungu la mchanga na kila gogo lililozama, kati ya St. Louis na New Orleans, tena usiku. Mwaka wa 1858 alimtafutia mdogo wake Henry kazi katika meli iitwayo Pennsylvania. Mitungi ya mvuke ikalipuka, Henry akaungua na kufa. Sam alijilaumu hadi uzeeni. Alipata cheti cha urubani mwaka wa 1859.

Huko mtoni ndiko alikolitoa jina lake la uandishi. Mabaharia walipopima kina cha maji kwa kamba walikuwa wakimpigia rubani ukelele. Maneno hayo mawili, Mark Twain, maana yake ni pima mbili, kina ambacho meli inaweza kupita salama. Alianza kulitumia jina hilo magazetini mwaka wa 1863. Sisi wasomaji wa Kiswahili tungeweza kumwita Bwana Pima Mbili, na lisingemkaa vibaya.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1861, meli zilisimama. Je, rubani wetu alikwenda upande gani? Upande wa watumwa? La hasha! Alijiunga na kikundi cha vijana wa kwao waliounga mkono majimbo ya kusini, yaani wale waliopigania utumwa uendelee. Alikaa nao kama majuma mawili hivi, wakinyeshewa na mvua na kukimbia uvumi, kisha akaacha. Alimfuata Orion hadi Nevada, akachimba fedha asipate kitu, akageukia kazi ya gazeti. Kalamu ikamkubali. Mwaka wa 1865 hadithi yake ya chura wa kurukishwa ilimpa jina nchi nzima, na mwaka wa 1869 kitabu chake cha safari, The Innocents Abroad, kikauzwa kama maandazi ya moto. Mwaka huo wa 1865 ndio utumwa ulipigwa marufuku kisheria Marekani kote.

Sasa tunafika kwenye kona ya maisha yake. Mwaka wa 1870 alimwoa Olivia Langdon wa mji wa Elmira, jimbo la New York. Baba mkwe wake, Jervis Langdon, alikuwa tajiri wa makaa ya mawe, na kabla ya vita alikuwa amewasaidia watumwa waliotoroka wakipita kuelekea Canada. Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mkuu wa watu weusi, alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Mtoto wa Missouri akajikuta anakula meza moja na watu ambao babake angewafunga! Baadaye, mwanzoni mwa mwaka wa 1881, yeye mwenyewe alimwandikia rais mteule Garfield kumwombea Douglass asiondolewe kwenye cheo chake cha serikali.

Lakini nadhani aliyemfundisha zaidi hakuwa tajiri wala msemaji. Alikuwa mpishi. Kila kiangazi Twain na jamaa yake walikaa katika shamba la Quarry Farm, nje kidogo ya Elmira, na mpishi wa hapo alikuwa mama mmoja mweusi, Mary Ann Cord, aliyezaliwa mtumwa. Alikuwa mcheshi, kicheko hakimwishi. Jioni moja Twain akamuuliza, bila kufikiri, imekuwaje ameishi miaka sitini bila kupata taabu. Yule mama akaacha kucheka. Akamsimulia jinsi alivyosimamishwa mnadani yeye, mumewe na watoto wao saba, wakauzwa mmoja mmoja huku yeye akimng'ang'ania kitindamimba wake hadi akanyang'anywa. Mtoto huyo, Henry, alikutana naye tena miaka mingi baadaye wakati wa vita, akiwa mtu mzima. Twain aliandika kisa hicho karibu kama alivyokisikia, kikatoka katika jarida la Atlantic Monthly mwaka wa 1874. Hakukuwa na mzaha ndani yake. Nafikiri usiku ule aliwakumbuka Sandy na mamake.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1876, mwaka uleule kilipotoka kitabu chake cha Tom Sawyer, alianza kuandika Huckleberry Finn pale pale Quarry Farm. Hakikuja kwa urahisi. Alikiweka kando, akakirudia, akakiweka tena. Mwaka wa 1882 alirudi kuusafiri mto Mississippi na kuona jinsi watu weusi walivyoendelea kunyanyaswa ingawa minyororo ilikuwa imekatwa. Kilikamilika mwaka wa 1883, kikachapishwa Uingereza mwishoni mwa mwaka wa 1884 na Marekani mwaka wa 1885.

Kwa wale ambao hawajakisoma, kisa ni hiki. Jim ni mtumwa. Anasikia kwamba bibi yake anataka kumuuza New Orleans kwa dola 800, mbali na mkewe na watoto, basi anatoroka. Huck ni mvulana anayemkimbia baba mlevi. Wanakutana kisiwani, wanasafiri pamoja juu ya chelezo. Huck amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi, na mwizi huyo ataungua motoni milele. Siku moja anaandika barua ya kumsaliti Jim, na baada ya kuiandika anajihisi msafi. Kisha anaanza kukumbuka: Jim akimshikia zamu ya usiku ili yeye alale, Jim akifurahi kumwona hai baada ya ukungu. Anaichana barua. Anaamua kwamba kama ni moto, basi ataingia motoni. Haambiwi na mtu yeyote kwamba ametenda haki. Mwenyewe anaamini ametenda dhambi. Msomaji peke yake ndiye anayejua.

Hapo nikalielewa lile neno. Mwandishi hakuliweka ili anitukane mimi. Aliliweka kinywani mwa watu wa kwao, waliolitamka jinsi walivyovuta pumzi, ili aonyeshe kwamba mtu anaweza kuwa mwungwana, mcha Mungu na mwenye huruma, na bado asimwone mwenzake kuwa mtu. Sisemi kila mtu akubaliane nami. Wengi hawakubali. Maktaba ya mji wa Concord ilikikataa mwaka wa 1885 kwa lugha yake isiyo ya adabu. Mwaka wa 1957 halmashauri ya elimu ya jiji la New York ilikiondoa katika orodha ya vitabu vya shule kwa sababu ya neno hilo. Mwaka wa 2011 kilitolewa chapa huko Marekani ambamo neno hilo limebadilishwa kuwa mtumwa. Na mwaka wa 2024 mwandishi mweusi, Percival Everett, alitoa riwaya iitwayo James ambamo Jim ndiye anayesimulia. Hata mimi nina malalamiko yangu. Mwisho wa kitabu haukunipendeza. Tom Sawyer anamfanya Jim kitu cha kuchezea, kumbe anajua Jim ameshaachwa huru. Wanachekesha pale ambapo mimi sikucheka.

Turudi kwa mwandishi. Mwaka huo wa 1885 alikwenda kuzungumza katika chuo kikuu cha Yale, akapokewa na mwanafunzi mweusi wa sheria, Warner McGuinn, aliyekuwa akifanya vibarua ili ajilipie karo. Twain akamwandikia mkuu wa kitivo cha sheria kwamba yeye atamlipia. McGuinn alihitimu mwaka wa 1887, akawa wakili katika mji wa Baltimore, na huko akamlea kikazi kijana mmoja wakili, Thurgood Marshall. Huyu Marshall ndiye aliyeshinda kesi ya mwaka wa 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za serikali za Marekani. Sasa sikiliza vizuri: mwaka wa 1960, viongozi wetu walipokwenda Lancaster House, London, kujadili katiba ya Kenya, mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall huyo huyo! Karo ya mtu mmoja imetembea ikatufikia mpaka hapa. Ama kweli, wema hauozi.

Maisha ya Twain hayakwenda tambarare. Mwanawe wa kiume, Langdon, alikufa mchanga mwaka wa 1872. Alimwaga mali yake nyingi katika mashine ya kupanga herufi isiyofanya kazi, na mwaka wa 1894 akafilisika. Angeweza kujificha nyuma ya sheria, lakini alitaka kumlipa kila mdai. Mwaka wa 1895, akiwa na miaka hamsini na tisa, alianza ziara ya kuzunguka dunia akihutubia kwa kiingilio. Alifika Australia, New Zealand, India, Mauritius na Afrika Kusini. Huko Bombay, mwaka wa 1896, alimwona meneja wa hoteli akimpiga kofi mtumishi Mhindi, na mara moja mawazo yakamrudisha Missouri kwa yule mtumwa aliyeuawa kwa jiwe. Miaka hamsini ilikuwa imepita. Mwaka huo huo wa 1896 binti yake Susy alikufa kwa homa ya uti wa mgongo huku baba yuko ng'ambo. Kufikia mwaka wa 1898 alikuwa amelipa madeni yote.

Uzeeni hakunyamaza. Mwaka wa 1905 alitoa kijitabu cha kumkejeli Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa unyama uliotendwa Kongo, ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wa miti. Mapato aliyaacha yaende kwa chama kilichopigania haki za Wakongo. Mkewe alifariki mwaka wa 1904, na binti yake Jean mkesha wa Krismasi mwaka wa 1909. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 21 Aprili mwaka wa 1910 mjini Redding, jimbo la Connecticut, akiwa na miaka sabini na minne. Nyotamkia iitwayo Halley ilionekana mwaka aliozaliwa, ikarudi mwaka aliokufa. Amezikwa Elmira.

Tusidhani utumwa ni hadithi ya Wamarekani tu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, watumwa waliokombolewa wakajengewa Frere Town, Mombasa, mwaka wa 1875, na katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka wa 1907. Na maneno hubaki hata minyororo ikikatwa.

Sasa niseme kile kilichonizuia kufunga daftari. Katika darasa letu kuna mwenzetu mmoja mweusi kuliko sisi wengine. Tangu kidato cha kwanza tunamwita kwa jina la utani la kumcheka rangi yake. Silitaji hapa. Tunaliita uwanjani, tunaliita kwenye foleni ya uji, hata viranja hulitumia. Hatuna chuki naye. Tumezoea tu. Aliyelibuni jina hilo ni mimi. Ilikuwa juma la kwanza shuleni, nilitaka wageni wenzangu wacheke, na kweli walicheka.

Basi nilipokuwa namhukumu Sam wa miaka kumi na saba kwa barua yake, nilijiona kiooni. Mimi nilikerwa na neno lililoandikwa ng'ambo zaidi ya karne iliyopita, na neno langu mwenyewe nilikuwa nalitamka kila asubuhi.

Huck alipomchezea Jim shere baada ya ukungu, akamwona ameumia, ilimchukua robo saa kujilazimisha kwenda kumwomba msamaha. Mimi ilinichukua siku nne. Nilimngoja mwenzangu langoni saa kumi, tukatembea pamoja hadi njia panda. Nilimwambia kwamba nimekosa na ninaomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema si neno, amezoea. Ningefurahi kama angenitukana. Tulipoachana aliniuliza kama kweli nitamwita kwa jina lake hata mbele ya wenzetu. Nilimwahidi.

Ndiyo maana nimeomba kurasa hizi, ili ahadi yenyewe ijulikane. Wenzangu wa kidato cha tatu, mnajua jina ninalolisema. Lililo kwenye sajili ya darasa ni zuri na halina urefu wowote. Tulitumie.

Kitabu sijakirudisha. Mwalimu ameniruhusu nikae nacho mpaka mwisho wa muhula, baadaye kitakuwa kwenye lile kabati. Yale madoa ya wino sijayagusa, na kule yalikokoma sikuyaendeleza. Atakayekichukua baada yangu ataamua mwenyewe.